Kaburi la Mchezo Wamagana

Kwa miaka kumi na minne Mwai Kahiga alitayarisha na kuongoza tamthilia za runinga. Nyingi alizirekodia nyumbani kwao Wamagana, kwa kuwa baba yake alipenda kuliona shamba lake kwenye runinga.

Mwaka juzi hadithi ya tamthilia moja ilihitaji mazishi, naye akachimbisha kaburi halisi kando ya michai. Baba yake alilitazama kwa muda mrefu.

"Mwai, kaburi halifukiwi tupu. Zikeni hata mgomba, lisije likadai mtu."

"Baba, huu ni mchezo tu."

Waigizaji walikuwa wamechoka. Walirudisha udongo, wakaondoka.

Miezi mitatu baadaye mzee alianguka akichuma chai, akafa kabla ya kufikishwa hospitalini. Siku ya mazishi Mburu, kaka yake Mwai, alimzuia langoni.

"Wewe ulishamzika. Rudi ulikotoka."

Mama yao alisikia, akainamisha kichwa. Mwai alifuata ibada akiwa barabarani, nyuma ya ua.

Tamthilia hiyo ilipendwa kuliko zote alizotengeneza. Hajaongoza nyingine. Anafundisha upigaji picha mjini Nyeri, na kila Jumapili humpigia mama yake simu ambayo haipokelewi.