Msiba wa Walter wa Wheaton

Mwaka 1948, nikiwa na miaka minane, baba alifariki na shule yangu ikaishia hapo. Tangu siku hiyo najifunza kwa macho, na macho yangu siyatilii shaka.

Asubuhi moja mwisho wa Mei 1998, hapa Wheaton, Marekani, niliona bendera ya jirani yangu Walter imeshushwa nusu mlingoti. Magari yamejaa, viti vimepangwa uani, moshi unafuka. Nikamwambia mke wangu, "Walter ametutoka, na hatujasalimiana tangu tugombane juu ya majani marefu ya uani kwangu."

Roho iliniuma. Mke wangu akabeba sufuria ya githeri, mahindi na maharagwe yetu ya nyumbani, nikawaita wenzetu wa kanisa, tukaingia tukiimba nyimbo za maombolezo.

Nikamshika mjane mikono. "Pole, mama. Marehemu alikuwa na mdomo, lakini nimemsamehe."

Nyuma yangu mtu akasema, "Na majani bado hujakata."

Alikuwa Walter, ameshika koleo la kugeuzia nyama. Kumbe siku hiyo Wamarekani hukumbuka wanajeshi wao waliokufa vitani, bendera ikishushwa mpaka saa sita mchana, kisha wanachoma soseji.

Bila shule, leo nina nyumba, teksi mbili, na jirani aliye hai.