Uwanja Unaokunywa Mvua

Mume wangu alikuwa amechoshwa na matope ya kwetu Yamumbi. Msimu wa mvua alienda kazini mjini na gambuti miguuni, viatu kwenye mfuko wa karatasi. Likizo ilipofika, yeye na fundi wakamwaga zege uwanja mzima, kutoka mlangoni hadi getini. Ilipokauka aliifagia asubuhi na jioni. Nilimcheka, lakini nilipenda kumwona hivyo, ameshika ufagio, anapiga mluzi.

Kisha ikaja mvua ya alasiri, ile yenye mawe. Maji yote yaliteleza kuelekea getini, uwanja ukabaki unang'aa. Tukafurahi. Mvua ilipokatika, jirani yetu wa bondeni akabisha hodi. Ni mjane wa rika la mama yangu, alihamia hapa zamani kutoka upande wa Kakamega, na huuza mboga; sisi humwita Mama. Alikuwa amelowa hadi magotini, ameshika ndara ya mume wangu.

"Baba, hii imenitembelea jikoni," alisema. "Imekuja na maji yenu yote."

Hakuwa na hasira. Alikuwa karibu kucheka, na hilo ndilo lililotuuma. Tulishuka naye. Jiko la makaa lilikuwa limezama, unga umelowa, kuku wamepanda mezani. Mume wangu alikunja suruali, akachukua karai, tukachota maji mpaka jioni.

Jumamosi nilisikia nyundo. Alikuwa anavunja zege yake mwenyewe.

"Sasa unafanya nini?" nikamuuliza.

"Maji hayana pa kuingia hapa," alisema bila kuinua kichwa. "Ndiyo maana yanaenda kwa Mama."

Mjini aliwahi kuona mahali pa kuegesha magari palipotandikwa kabro, vile vipande vya zege vya kusakafia, vyenye matundu, mvua ikizama humo badala ya kukimbilia barabarani. Kwa hivyo tulichimba. Tukatandaza mawe makubwa, juu yake kokoto, halafu mchanga, kisha tukapanga kabro na kujaza matundu kwa kokoto ndogo. Mama alipanda kwetu kila jioni na chupa ya chai, akawa anatuonyesha kabro zilizokaa upande.

"Hiyo itanikwaza, kijana wangu. Ing'oe."

Naye akang'oa, tena kwa heshima.

Mvua iliporudi tulisimama mlangoni sote watatu. Maji yalisimama kidogo juu ya kabro, kama yanashangaa, halafu yakaanza kushuka, yakitoa sauti ndogo ya kumeza. Mama hakungoja iishe. Alijifunika gunia kichwani akakimbia kwake. Baada ya muda tukamsikia akipaza sauti kutoka chini:

"Pakavu! Jamani, pakavu!"

Mume wangu alinishika bega, akacheka mpaka machozi.

Siku hizi nyasi huota kwenye matundu, naye huzing'oa akinung'unika. Karibu na ukuta, Mama amepenyeza mbegu za mboga ya managu bila kumwomba ruhusa, nazo zimechipua. Hizo hazigusi. Akitoka na baiskeli asubuhi, huzizunguka.