Ngoja Nimuulize Mwenyewe

Wanawake wa Bunda walimjua Marcelina kwa mishono yake. Aliponunua simu janja, wakaanza kumjua na wa Musoma, na baada yao wa vijiji vya ziwani. Mama anayeuza dagaa Mwigobero alimtumia picha ya gauni aliloliona kwenye kipaimara, akampa vipimo kwa simu, na gauni likapanda basi likamfikia likiwa limepigwa pasi. Namba zilijaa kwenye simu ya Marcelina kuliko vitambaa dukani.

Mwaka huohuo ndipo alipompokea Gati. Gati hakuwa ndugu yake. Alikuwa binti aliyemaliza darasa la saba, akatoroka kwao alfajiri moja ya Desemba, wenzake wakiwa wanaandaliwa kwenda kukeketwa. Alikimbia porini mpaka barabara kuu, dereva wa lori la pamba akamfikisha polisi. Afisa ustawi wa jamii akawa anatafuta mtu wa kumlea. Marcelina alikuwa mjane, wanawe wameshaoa na kuhama. Alisema chumba kipo, akaenda kumchukua siku hiyohiyo. Binti alifika na nguo aliyovaa tu. Marcelina alimpima hata kabla ya kumwekea ugali, na shule zilipofunguliwa Januari Gati akaanza kidato cha kwanza na sare mpya.

Sharti la afisa lilikuwa moja: watu wa kwao wasijue alipo. Marcelina alilishika kwa ukali. Majirani aliwaambia huyu ni mtoto wa nyumbani, akaishia hapo. Aliyeendelea kuuliza alijikuta anaulizwa habari za ng'ombe wake. Kanisani, wageni walipotaka kumpiga picha Gati ili waonyeshe wafadhili, Marcelina alisimama mbele ya kamera na gauni lake pana, akatabasamu, wakampiga yeye.

Kilichompita ni simu. Mteja mmoja alimsifia programu mpya ambayo mafundi walikuwa wanaonyesha kazi zao humo na kupata wateja mpaka Mwanza. Marcelina akaiweka. Ikamuuliza kama airuhusu isome namba zote alizosevu, imsaidie kupata marafiki. Aliona ni jambo la heri, akabonyeza kubali, akaendelea kukata kitenge. Gati naye, kwenye simu ya zamani aliyoachiwa na Marcelina, alifungua akaunti humohumo. Alijiita Sara, akaweka picha yake akiwa na gauni la Pasaka. Aliamini kwamba akibadilisha jina atakuwa amejificha vya kutosha.

Machage, baba mdogo wa Gati, alifika dukani saa za mchana. Marcelina alimfahamu kwa sauti tu, maana waliwahi kupigiana simu alipomshonea mkewe sare ya kwaya, bila kujua ni watu wa ukoo gani. Hakuja kwa fujo. Alisalimia, akakaa kwenye benchi la wateja, akatoa simu na kumwonyesha picha. Alikuwa Gati, na gauni la Pasaka. Juu ya picha palikuwa na maneno kwamba huyu ni mtu anayeweza kumfahamu.

"Mimi sikumtafuta, dada," Machage alisema. "Nililetewa tu. Nikaona chini yake wanasema mnafahamiana na wewe. Simu yako ndiyo iliyonileta hapa."

Marcelina alishika meza ya cherehani. Gati alikuwa shuleni, na angerudi muda si mrefu. Machage alieleza kwamba kaka yake ana aibu kijijini, na kwamba mtoto akirudi hakuna atakayemgusa. Labda yeye mwenyewe aliamini hivyo. Marcelina alimsikiliza mpaka mwisho.

"Sitakwambia yuko wapi, shemeji," alisema. "Na sitakudanganya kwamba simjui. Ukitaka kumwona, twende dawati la jinsia sasa hivi, uombe mbele ya polisi. Nitafunga duka twende wote."

Machage alirudisha simu mfukoni. Akasema atarudi. Alipoondoka, Marcelina hakusubiri arudi. Alikwenda shule, akamtoa Gati kwa mlango wa nyuma, wakaenda moja kwa moja kwa afisa ustawi. Kabla jua halijazama walikuwa Butiama, kwa Consolata, dada yake Marcelina anayefundisha shule ya msingi.

Gati alilia njia nzima. Alikuwa anajilaumu kwa ile picha. Marcelina angeweza kunyamaza, na mtoto asingejua kamwe. Lakini walipokwisha kula alimkalisha.

"Aliyekufichua ni mimi," alimwambia. "Niliwapa watu wa ile programu namba yako na ya baba yako mdogo kwa pamoja, nikawaunganisha kwa mkono wangu. Picha yako peke yake isingefika kwake. Nisamehe, mwanangu."

 Gati alisogea, akamwegemea begani.

Aliporudi Bunda, akiwa amemwacha Gati kwa Consolata, Marcelina alimpelekea simu Eliasi, fundi simu wa jirani, akamwomba amweleze polepole. Eliasi alimwonyesha jinsi programu inavyochukua namba zote na kulinganisha za huyu na za yule, ili ijue nani anamfahamu nani. Waliifuta akaunti, wakaomba namba zilizochukuliwa nazo zifutwe, wakapita kwenye programu nyingine moja baada ya nyingine wakizifungia mlango huohuo. Eliasi alidhani kazi imeisha. Marcelina akamuuliza: na wale wengine, ambao namba zao zimeshakwenda? Eliasi alisema hao hawawezi kujua, na wengi wala hawatajali.

"Basi nitawaambia," Marcelina alisema.

Na aliwaambia. Kila alipopumzika kushona alipiga simu. Alijitambulisha, akaeleza kwamba namba yao aliikabidhi kwa watu bila kuwauliza, akaomba radhi, akauliza kama anaweza kuendelea kuitunza. Wengi walicheka. Wengine walidhani anataka kukopa, wakakata. Mmoja alimwambia kashona mpaka kachanganyikiwa. Marcelina aliendelea kupiga, sauti ileile ya upole.

Yule muuza dagaa wa Mwigobero hakucheka. 

"Nilibadilisha laini nilipoachana na mume wangu," alisema. "Nilikuwaga nashangaa alinipataje tena. Sijui kama ni huko kwako au kwa mwingine. Ila wewe ndiye wa kwanza kuniambia."

Baada ya simu hiyo Marcelina hakushona mpaka kesho yake.

Toka hapo akawa na desturi ambayo mwanzoni iliwaudhi watu. Ukimwomba namba ya mtu, hata kama ni ya mchungaji, anakwambia, "Ngoja nimuulize mwenyewe." Mwenyekiti wa kwaya alipotaka kuwaingiza wanakwaya wote kwenye grupu moja na vijana wa Musoma, Marcelina alisimama akasema kila mmoja aulizwe kwanza. Walinong'ona kwamba anaringa. Alikaa, akafungua kitabu cha nyimbo. Lakini wanawake wenye mambo yasiyosemeka wakaanza kumfuata dukani, nguo mkononi hata kama haikuwa na tatizo, kumwomba awaonyeshe namna ya kufunga mlango ule kwenye simu zao. Aliwaonyesha, na alipokwama alimwita Eliasi.

Machage alirudi kama alivyosema, akakuta Gati hayupo na polisi wana habari zake. Hakurudi mara ya tatu. Mwaka uliofuata ni mkewe aliyekuja, peke yake. Alikuwa ametumwa na mama yake Gati. Mama hana neno, alisema, anataka tu namba ya mtoto wake asikie sauti.

Marcelina alimpa soda na jibu lake la siku zote. Akampigia Gati, ambaye sasa alikuwa kidato cha pili, akampa ujumbe bila kuongeza ushauri, ingawa ushauri alikuwa nao. Gati aliomba muda. Marcelina hakumkumbusha. Wiki zilipita, mke wa Machage akauliza tena, akajibiwa kwamba bado.

Siku moja Marcelina alikuwa Butiama kuwatembelea, Gati akamjia jikoni.

"Mpe mama," alisema. "Mama peke yake. Na umwambie nitabadilisha laini akimpa mtu."

Simu iliita kesho yake baada ya ibada. Gati aliitazama ikiita, akapokea, akaita, "Yowe," yaani mama, kwa lugha ya kwao. Marcelina alimshika Consolata mkono, wakatoka nje na beseni la mihogo, wakakaa upande wa pili wa nyumba ambako sauti haifiki. Walimenya taratibu. Gati alipotoka macho yalikuwa mekundu na uso umelainika. Alichukua kisu cha tatu akaketi nao, na hakuna aliyemuuliza walichozungumza.