Mgonjwa Kidogo

Nikumbushe ujana wangu, mwanangu, nami nitakuletea siku moja tu: siku niliyosikia habari kubwa kuliko zote za maisha yangu, kwa masikio yangu haya mawili, nikakosa kuielewa kwa sababu nilijua sana mashine. Nitaifikia. Sisi wazee hatupiti njia ya mkato, magoti hayaturuhusu. Niache kwanza nipumzike kwenye mambo ya leo.

Jioni hapa kwetu Panzi, mtaa wa Bukavu, vijana wa nyumba hukaa juu ya ukuta wa nyuma, kwa kuwa ndipo mtandao unapokamata vizuri. Kiti changu kiko chini ya dirisha, kwa hiyo nasikia yote. Wanazungumza habari za teknolojia kama baba zao walivyozungumza mpira. Simu mpya imetoka, inajikunja kama kitambaa. Nimeishi miaka yote hii nikiomba vitu vyangu visikunjike, na sasa naambiwa kukunjika ndiko kunakoongeza bei. Gari limetoka linalokula umeme badala ya mafuta. Vizuri, wenye nalo waje walichaji kwa jirani yetu mwenye jenereta, wapange foleni pamoja na simu zetu. Kampuni fulani kubwa ya kompyuta imefukuza wafanyakazi, nyingine imemeza mwenzake, na vijana wangu wanabishana nani alikosea, utafikiri waliombwa ushauri. Juzi ilikuwa zamu ya ile mashine inayojibu maswali na kuandika barua. Mmoja akaapa kwamba itachukua kazi zote za dunia. Nikamuuliza kutoka kitini kama itachukua pia kazi ya kupandisha madumu ya maji mlimani bomba likikauka.

Wakacheka. "Papa mukubwa, weye uko wa zamani!"

Mimi si wa zamani, mwanangu. Nimechoka tu. Na mgala muue na haki umpe: simu hiyo hiyo ndiyo inayoniletea sauti ya dada yangu wa Katana kila Jumapili baada ya misa, na ile mashine ya kujibu maswali ilimfafanulia binti wa jirani hesabu zilizomliza mwaka mzima. Sina ugomvi na vyuma. Kinachonichosha ni kwamba kila habari wanayoisoma pale ukutani inasifu mbio. Hii ina mbio kuliko ile, na ya mwakani itakuwa na mbio kuliko hii. Mbio hizo zimekwisha kutuingilia nyumbani, zikatuumizia mtu.

Mdogo wangu Bahati alifariki mwezi uliopita huko Sange, alikokwenda kununua mchele. Asubuhi kichwa kilimuuma, mchana hatukuwa naye tena. Mwenyeji wake alimpigia simu kijana mmoja wa nyumba yetu. Jina lake silitaji, anajijua. Kijana yule hata hakuinuka pale alipoketi. Alichukua picha ya Bahati, akaiwekea mshumaa na maua, akaandika "RIP papa mudogo", akaitupa katika kundi la familia.

Mke wa Bahati, maman Furaha, alikuwa sokoni Kadutu mbele ya sinia lake la sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani. Simu ikalia, ikalia tena, ikawa haitulii. Akadhani ni wateja. Akafuta mkono kwenye kitenge, akafungua. Pale pale, katikati ya makelele ya watu wanaoshindania bei, ndipo alipojua kwamba ni mjane. Alianguka juu ya sambaza zake. Watu wakadhani ni kifafa, na waliombeba ni watu wasiojua hata jina lake.

Nilimwita yule kijana, nikamuuliza alifanya vile kwa nini. "Papa mukubwa," akanijibu, "habari inatembeaka mbio sasa. Kama haikuwa mimi, mwengine angeiweka." Siku ya mazishi akasimama akasoma hotuba aliyoandikiwa na ile mashine. Ilikuwa nzuri mno, ilisema marehemu alikuwa mtu mpole. Bahati, mpole! Bahati aliyeweza kugombana na mbuzi wa jirani hadi mbuzi akaondoka. Watu walipiga makofi, mimi nikatazama chini.

Maman Furaha hajagusa simu tangu siku ile. Iko juu ya kabati, imezimika. Nilipokwenda kumpa pole aliniambia neno moja tu: "Papa, mulipata wakati wa kutafuta maua ya kuweka ku picha, mukakosa wakati wa kutuma mutu sokoni?" Nilirudi nyumbani, nikakaa, na siku yangu ile ya ujana ikanirudia nzima nzima.

Nilikuwa Kamituga, kwenye dhahabu, ingawa mimi sikuchimba, nilitengeneza redio. Nchi ilikuwa bado inaitwa Zaire, na simu hatukuwa nazo. Tulikuwa na foni, yaani redio ya mawasiliano: sanduku la chuma juu ya meza, betri ya gari chini yake, na waya mrefu uliofungwa juu ya mti. Unabonyeza unasema, unaachia unasikiliza, na ukimaliza unasema "à vous" ili mwenzako naye aseme. Foni yetu ilikuwa katika depo ya mfanyabiashara mmoja, na aliyeishika alikuwa muzee Ntaboba, mtu mfupi asiyevua kofia yake ya sufu hata jua likiwaka. Watu waliketi kwenye ubao mlangoni wakingoja zamu. Siri haikuwapo. Neno lililosemwa Bukavu lilisikika Mwenga, lilisikika Shabunda, lilisikika kila mahali penye sanduku kama lile.

Sanduku likiharibika, fundi wake nilikuwa mimi, basi nikajiona kama ndiye mwenye depo. Na maoni nilikuwa nayo, mwanangu, kuwashinda hao wa ukutani! Nilisikiliza idhaa za mbali zinazosema Kifaransa, kisha nikaja kutangaza pale ubaoni kwamba itafika siku kila mtu atatembea na simu mfukoni, hata muuza ndizi. Walinicheka hadi machozi. Unaona kwamba nilisema kweli. Mpaka leo sijaona kweli ile ilinisaidia nini.

Asubuhi moja nilikuwa nimeinama nyuma ya sanduku nikikaza nyaya, sauti ya Bukavu ikaingia ikikwaruza: "Kamituga, Kamituga. Ule mutoto wa Mudaka mwenye kutengeneza maredio, mumwambie mama yake iko mugonjwa kidogo. Akuye. À vous." Mudaka ndiko kwetu, na "akuye" ni kusema nije.

Ubao mzima ulinigeukia. Muzee Ntaboba naye akanitazama. Nami nikainua kichwa changu chenye elimu, nikasema: "Munasikia vile sauti inapasuka? Antenne iko chini sana. Nilisema tuipandishe, mukakatala."

Nikaongeza kwamba nitakwenda mwisho wa juma, maana nilikuwa na redio ya mwalimu mezani, imefunguliwa nusu, na mgonjwa kidogo si mgonjwa sana.

"Utaenda leo," akasema muzee Ntaboba. "Camion ya Deo iko inatoka. Nitamuambia akungoje."

Mama mmoja aliyekuwa akingoja zamu akavua kitenge alichojitanda mabegani, akakikunja vizuri, akaniwekea mikononi. "Utamupelekea mama," akasema. Nikapokea, nikashukuru, nikajisemea kwamba watu wa Kamituga wana adabu.

Deo, dereva wa lori lile, alinikalisha mbele karibu naye, mahali pa watu wazito. Tajiri mmoja aliyekuwa amekaa pale alishuka akaenda kupanda juu ya magunia, wala hakunung'unika. Mvua ilikuwa imeiharibu barabara, tukalala njiani. Pale Mwenga mama wa mgahawa alinipa bugali na sombe ya majani ya muhogo, akakataa malipo, akakaa ubavuni mwangu hadi nikamaliza, kisha akanifungia ndizi za safari. Nikadhani sifa zangu za ufundi zimenitangulia. Njia nzima nilimweleza Deo habari za simu za mfukoni, na za kompyuta, na jinsi Wajapani wanavyotengeneza redio ndogo inayotoshea kiganjani. Deo alikuwa mtu wa kelele na mizaha, anayejulikana barabara nzima, lakini safari ile aliniita petit, yaani mdogo wake, akasema tu, "Ndiyo, petit. Endelea."

Tulipofika Bukavu aliiacha camion na mizigo yake yote kwa msaidizi, akasema anataka kununua maharage Mudaka, tufuatane. Nilishangaa, kwa maana maharage ya Mudaka yanauzwa Bukavu kila kona. Tulipoingia ile njia ndogo ya kwetu, kati ya migomba, akachukua begi langu. Kisha akanishika mkono, mimi mtu mzima mwenye ndevu, akanishika kama mtoto anayevushwa mto.

"Kaza roho, petit," akasema. "Tuko wawili."

Ndipo nikasikia nyimbo za kilio kutoka uani kwetu.

Baada ya matanga nilirudi Kamituga na hasira iliyonizuia hata kula. Niliingia depo na vumbi la safari, nikamkabili muzee Ntaboba mbele ya watu wote. "Ulinidanganya! Ile machine inaweza kusema ukweli mara moja, na weye unaifundisha kudanganya! Nimesema upuuzi njia muzima, mama yangu ameisha kufa!"

Muzee hakuinua sauti. Alizima sanduku lake kwanza, pasiwe na mtu wa Bukavu wala wa Shabunda wa kusikia nikikaripiwa. Akanivuta nyuma ya depo, mbali na ubao.

"Petit," akasema, "mama yako angekuwa mugonjwa kweli, bangesema ugonjwa gani, hôpital gani, utume nini. Bakisema 'kidogo, akuye', maana ameisha kufa. Hata batoto ba hapa banajua. Batu bote ku ubao balisikia mama yako. Weye ulisikia antenne."

Nikaanza kulia upya.

"Ningekuambia hapa, ungelia na nani? Huku uko na ndugu gani? Ungebeba ile uzito peke yako, njia yote ile ya matope. Nikabambia batu ba njia bakuchunge mpaka ufike kwenu. Machine inafikisha sauti tu, petit. Mutu, banamufikishaka ni batu."

Alingoja nimalize kulia. Kisha akawasha sanduku, akanituma nipande juu ya mti nikaipandishe antena, kwa sababu, alisema, kwa habari ya antena nilikuwa nimesema kweli.

Mwanangu, nimeyabeba maneno yale kwa miaka mingi, na sasa nimechoka kuyabeba peke yangu. Usinielewe vibaya ukadhani nakuambia utupe simu. Foni ile nayo ilisikika na kila mtu, kama kundi lenu la familia linavyosikika na kila mtu, na bado hakuna aliyefiwa akiwa peke yake sokoni. Chombo hakikuwa na aibu kuliko chenu. Watu ndio waliokuwa na aibu. Walijua kwamba kilio huanzwa na mfiwa, ndipo wa mbali wakaingia; leo wa mbali wanaanza, wanaweka mshumaa na maua, na mfiwa anaingia wa mwisho, ameshika samaki mkononi.

Bei ya mchele, matokeo ya mpira, simu inayokunjika, hayo yote yatume kwa mbio unazotaka. Lakini ukiletewa habari ya kifo, weka simu chini kwanza. Jiulize ni ya nani. Jiulize mwenyewe yuko wapi saa hii, na nani yuko karibu naye. Kama uko karibu, vaa viatu uende. Kama uko mbali, mtafute jirani mwenye busara aende kwa niaba yako, amketishe kwanza. Dunia ikijua baadaye kidogo, dunia haitaumwa. Wakikucheka kwamba habari imekupita, waache wacheke, nami walinicheka kwa jambo la kweli na sikufa.

Na wewe unayejijua: kesho nenda kwa maman Furaha. Usimwandikie pole, wala usimwombe ile mashine ikutungie maneno. Nenda ukae. Mbebee sinia mpaka Kadutu, ukae naye hapo hadi sambaza ziishe. Akikufukuza, rudi kesho kutwa.

Jambo la mwisho, kisha nipumzike. Siku yangu haiko mbali, wala halinihuzunishi hilo. Ikifika, picha yangu muiache ukutani ilipo. Dada yangu wa Katana ni mkubwa kwangu na moyo wake hauna nguvu. Mmoja wenu apande gari aende mwenyewe, aseme kwa mdomo wake. Amwambie niko mgonjwa kidogo, aje. Ataelewa, yeye ni mtu wa foni kama mimi. Lakini atapewa mahali pa mbele kwenye gari, atabebewa mfuko, na njia nzima kuna mtu atakayemsikiliza akiongea upuuzi.

Mungu akupe, mwanangu, simu isiyokosa chaji na miguu isiyokosa pa kwenda. Akupe watu wema barabarani. Na siku habari nzito itakapokujia, maana itakuja, ikukute umeketi, na mtu amekushika mkono.