Malkia Niliyemfungia Nyumbani

Miezi ya kwanza baada ya uhuru nilikuwa karani kijana katika ofisi ya serikali mjini Kakamega, nikikaa chumba kimoja mtaa wa Amalemba. Mke wangu alibaki nyumbani kwa mama yangu, kama walivyobaki wake wa makarani wengi. Ndoa yetu ilikuwa ya miaka miwili na Mungu alikuwa hajatujalia mtoto. Jumapili nilikwenda misa misheni ya Mukumu, nikarudi, nikasonga ugali wa mtu mmoja. Ugali wa mtu mmoja ni kazi ngumu kupima. Siku zote ulibaki, nikaula asubuhi kwa chai.

Karani mkuu wetu alikuwa Mgoa, Mhindi wa asili ya Goa, mtu mzima, Mkatoliki kama mimi. Familia yake ilikuwa imetangulia ng'ambo, naye alibaki kutukabidhi majalada. Nadhani ni upweke uliotukutanisha. Baada ya kazi, jua la alasiri likiwa bado linachoma mabati, alitoa ubao wa sataranji kabatini akanifundisha. Nilijua upesi kila kete inavyokwenda, lakini kushinda sikuweza. Alinifunga kila siku, na kila mchezo ulipokwisha malkia wangu alikuwa pale pale nilipomweka mwanzoni, kando ya mfalme.

Siku moja aliweka kidole juu ya kichwa cha malkia wangu.

"Bwana karani, huyu ni mgonjwa?"

"Hapana, mzee."

"Basi mbona hatoki? Askari wamekufa, askofu amekufa, yeye amekaa tu kama kuku anayeatamia."

Nikamweleza. Kwetu mke hamtangulii mumewe mahali penye hatari. Kama ni vita, wanaume waende. Malkia akae na mfalme wake.

Alicheka mpaka akavua miwani. "Na mfalme ndiye anamlinda? Kwa hatua yake moja moja? Wewe!"

Nilicheka naye, lakini mfukoni nilikuwa na barua ya mke wangu iliyoninyima usingizi. Tulikuwa tumepewa kipande cha shamba Lugari, katika mashamba yaliyokuwa ya Wazungu. Sharti lilikuwa tuhamie kabla ya mvua ya kupanda, la sivyo apewe mwingine. Nami nilikuwa nimeomba likizo, nikanyimwa.

Mke wangu aliandika: "Niache niende. Kaka yangu atanisaidia kusimamisha nyumba. Mama anasema mwanamke halali katika nyumba mpya kabla ya mumewe, lakini ukinitumia koti lako nikalitundika ukutani, itakuwa kama umefika. Yeye ameridhika. Limebaki neno lako."

Koti nilikuwa nalo moja tu, lakini si baridi niliyoiogopa. Niliwaogopa wanaume wa ukoo. Nilikuwa nawasikia tayari: "Yule ameolewa! Mkewe anajenga, yeye anatuma koti!" Na chini ya hofu hiyo kulikuwa na nyingine, ambayo hata kwenye kitubio sikuitaja: akienda akaweza, atanihitaji kwa lipi? Nilikuwa nimekaa na ile barua siku tisa, na kila siku niliangalia mawingu.

Mzee alipokwisha kucheka aliziondoa kete zote, akamweka malkia peke yake katikati ya ubao.

"Hesabu vyumba anavyoweza kufika kwa hatua moja."

Nikahesabu kwa kidole, mbele, nyuma, kando, mshazari. "Ishirini na saba."

"Mweke mfalme hapo."

"Vinane."

"Umeona. Ngome huenda moja kwa moja, askofu huenda mshazari. Huyu amepewa njia za wote wawili, na hakuna anayempimia umbali. Mfalme ndiye anatafutwa, akishikwa mchezo umekwisha. Lakini kazi haifanyi yeye."

Akaniambia pia kwamba zamani sana kete hiyo ilikwenda chumba kimoja tu, tena mshazari.

"Nani alimruhusu kwenda mbali?" nikauliza.

"Wachezaji wenyewe. Nadhani walichoka kungoja." Akamrudisha mahali pake. "Usimtoe ovyo lakini. Ukimpoteza mapema, utalia. Ila wewe humpotezi, bwana karani. Wewe humtumii."

Hakujua habari za barua. Sikumwambia siku hiyo, wala baadaye. Kesho yake nililikunja koti langu, nikalifunga kwa gazeti na kamba ya katani, nikampa jirani aliyekuwa akienda nyumbani. Ndani niliweka karatasi yenye maneno mawili: "Nenda. Nakuombea."

Mvua ilipoanza, mahindi yetu yalikuwa ardhini. Wanaume wa ukoo walisema yote niliyodhani watasema, na mengine ambayo sikuwa na akili ya kuyadhania. Mwezi uliofuata mzee wangu wa sataranji alisafiri. Ubao alikwenda nao, ulikuwa wa baba yake. Nilianza kutoka ofisini saa ile ile wanayotoka wengine, nisijue pa kwenda.

Likizo niliipata mahindi yakibeba. Nilifika Lugari nikiuliza njia, na mama mmoja mwenye jembe begani akaniuliza, "Wewe ni mgeni wa nani?" Nilipomtajia mke wangu akapiga makofi. "Wa huyo? Huyo anatuamshanga na jembe kabla ya jogoo!"

Nyumba ilikuwa imesimama wima. Mke wangu alinikaribisha kwa uji, akanionyesha mpaka, kisima, mahali pa zizi. Alizungumza upesi, kama mtu mwenye mengi, na alikuwa amenenepa kidogo mabega. Nilimsikiliza, nikamshukuru Mungu kwa kweli, na moyo ulikuwa unaniuma.

Siku ya mwisho nikamwambia, "Njoo Amalemba, hata mwezi mmoja tu."

Aliangalia shamba kwanza. "Na mahindi, nani atakaa nayo, Baba?"

Hakuwa na ubaya wowote. Lilikuwa swali tu. Niliomba shamba, tukapewa; kukaa pamoja sikuwa nimeomba. Asubuhi tulisali pamoja, tumepiga magoti sakafuni kwake, udongo ukiwa bado na unyevu. Akanifungia mahindi mabichi manane. Nilipofika Amalemba nilichemsha mawili, nikawapa majirani yaliyobaki.