Thamostati Iliyong'olewa Lituhi

Shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, ni fundi magari huko Lituhi, na hakuna kazi anayoipenda kama kung'oa. Siku pikapu yetu ilipochemsha pale ufukweni, tukiwa na magunia ya dagaa wa usipa nyuma, hakuuliza lolote. Alifungua boneti, mvuke ukamuunguza kiganja, akatukana, kisha akaitandika nati kwa nyundo mpaka ikaachia. Alichotoa kilikuwa kidude cha shaba kinachoenea kwenye ngumi ya mtoto. Akakitupa ziwani.

"Thamostati ni ya nchi za baridi, kaka," alimwambia mume wangu. "Huku kwetu inaziba maji bure."

Huku kwetu! Yeye anaishi ufukweni, sisi tunaishi Mbinga, ambako mwezi wa Juni unalala na sweta na mablanketi mawili na meno bado yanagongana. Nilimwambia hivyohivyo. Naendesha gari tangu kabla sijaolewa, na najua kile kidude kinafanya nini. Injini ikiwa ya baridi, kinafunga njia ya maji kwenda kwenye rejeta ili injini ipate moto haraka. Ikishapata moto, kinafungua. Ukikiondoa, maji yanazunguka muda wote na kupozwa kabla hayajapata joto. Tatizo letu lilikuwa mkanda wa feni uliolegea, basi. Shemeji akacheka, akasema wanawake wa mlimani tunaongea sana. Mume wangu akamshukuru, akafunga boneti. Huyo ni mdogo wake wa mwisho, alimlea mwenyewe.

Tuliporudi Mbinga mshale wa joto ulilala chini kutwa nzima. Injini ilikohoa na kunywa dizeli, na hita, inayotegemea joto la maji hayohayo, ikapuliza hewa ya baridi. Hapo ndipo penye ubaya. Asubuhi pumzi zetu zilitanda kwenye kioo cha mbele, na bila hewa ya moto kioo hakikutakata. Nikasema tununue thamostati nyingine, duka la vipuri liko jirani. Mume wangu akasema tukiirudisha, mdogo wake ataona tumemdharau. Tuligombana mpaka nikarusha bakuli la ugali ukutani, na bado hakununua.

Asubuhi moja tulikuwa tunakwenda kuchukua kahawa kwa wakulima. Ukungu ulikuwa nje na mwingine ndani. Mume wangu anaendesha huku akifuta kioo kwa mkono wa koti. Nilisikia mfupa ukivunjika kabla sijaona mtu. Tulikuwa tumemgonga mzee aliyekuwa anasukuma baiskeli yenye gunia la kahawa. Paja lake lilikuwa limekunjika mahali pasipo na goti.

Mume wangu alipiga magoti akimwomba msamaha. Watu wakatoka mashambani pande zote, wengine na majembe.

"Kwani ulikuwa huoni?" mmoja alimuuliza.

Mtu mwingine angedanganya. Yeye akasema, "Nilikuwa sioni, ndugu yangu. Kioo kilikuwa na ukungu."

Ngumi ya kwanza ilimtoa jino. Mpini wa jembe ukatua mgongoni, kisha jiwe usoni, akaanguka. Nikajua watamuua palepale. Nikamlalia juu. Nilipigwa mateke ya mbavu, nami nikamng'ata mtu mkono mpaka nikaonja damu yake, na sijutii. Aliyetuokoa ni yule mzee. Alikuwa bado yuko chini barabarani, akapaza sauti:

"Mkimuua, mimi nitapelekwa hospitali na nani?"

Wakaacha. Walewale waliokuwa wanapiga wakambeba mzee na kumlaza nyuma ya pikapu, wakamtupa mume wangu pembeni yake. Nikaendesha mimi, kichwa nimekitoa dirishani ili nione njia.

Mzee alipona, ingawa anatembelea fimbo. Shemeji alikuja hospitali siku ya pili. Akasimama kando ya kitanda, akamtazama kaka yake aliyevimba uso mzima, akatikisa kichwa.

"Kaka, na wewe uliendeshaje gari huku huoni?"

Nilimzaba kofi. La pili likamkalisha kwenye kiti cha wageni. Wagonjwa wote wakageuka, nami nikamweleza mbele yao: hita, kioo, paja la yule mzee, kidude alichokitupa. Akamgeukia kaka yake, akisubiri akanushe.

Mume wangu alikusanya maneno kwa shida, midomo imepasuka.

"Mwache, mama watoto. Usukani niliushika mimi."

Nilikuwa nimepigana na kijiji kizima ili mtu huyu abaki hai. Nilipomsikia akisema hivyo, nilitamani nimalizie walichokianza.