Kiitikio cha Darasa la Pili

Shule ya binti yangu imepakana na mafundi bati wa mtaa wa Gerezani. Ukuta ni mmoja: huku watoto, kule nyundo na mabati. Mwalimu akianza kufundisha, nyundo nazo zinaanza. Ndiyo maana darasa la pili walikuwa wanasoma kwa kuitikia. Mmoja anasema mstari kwa sauti kubwa, darasa zima linarudia. Aliyekuwa anasema huo mstari, amesimama mbele ya ubao na fimbo mkononi, alikuwa binti yangu.

Asubuhi nikipita pale kwenda soko la Mchikichini, ambako nauza nguo za watoto za mitumba, nilikuwa napunguza mwendo ukutani. Namsikia. "Kuku wa mama ametaga!" Darasa linarudisha kama mvua ya ghafla. Sauti ile aliipata kwangu sokoni. Kabla hata hajaanza chekechea alikuwa anapanda juu ya kigoda mezani kwangu na kuita, "Chagua mama, chagua! Belo limefunguliwa leo!" Wateja wanacheka, halafu wananunua. Mama mmoja wa Lindi, anayeuza viatu meza ya pili, alikuwa akisema, "Huyu mbunge kabisa. Tena siyo wa kusinzia, huyu wa kuamsha wenzake."

Nikawa naamini mtoto wangu anasoma kuliko wote. Wewe ungeamini nini?

Jumamosi moja alikuwa amekaa juu ya rundo la nguo, ananisomea kitabu chake cha shule huku mimi natundika magauni. Akamaliza ukurasa wa kuku, akafunua, akaendelea bila kusita: "Mbuzi amekula kofia ya babu." Nikachungulia. Palikuwa na picha ya baiskeli. Hapakuwa na mbuzi. Kurasa mbili zilikuwa zimegandana kwa uji, na ukurasa wa mbuzi ulikuwa ndani, umefichwa. Mtoto alikuwa anasoma kitu ambacho macho yake hayakioni.

Nikamwambia, "Nionyeshe neno mbuzi."

Akaweka kidole kwenye gurudumu la baiskeli.

Nikabandua zile kurasa. "Haya, hapa. Mbuzi liko wapi?"

Kidole kikazurura. Kikatua popote. Akaniangalia usoni, anatafuta kama amepata.

Kitabu kizima kilikuwa kichwani. Kusoma hajui. Na mwisho wa mwaka darasa la pili wanapimwa: anaingia mtoto mmoja peke yake, anapewa karatasi ambayo hajawahi kuiona, anaambiwa soma. Asiyeweza anarudia darasa. Hakuna wa kumwitikia mle ndani.

Sikupiga kelele. Wanaonijua sokoni wangeshangaa, maana mimi mtu akinivurugia nguo tu mtaa mzima unajua. Siku ile mdomo ulikuwa kama umepigwa sindano ya jino. Niliendelea kutundika magauni. Nakumbuka moja lilikuwa na kifungo kimelegea, nikakikaza.

Jumatatu nikaenda shule. Kwenye ukuta wa mbele wameandika kwa rangi ya bluu kwamba elimu ni ufunguo wa maisha. Hawajaandika mlango wenyewe uko wapi. Mimi nilifika kidato cha nne. Biolojia niliiimba kwa Kiingereza, mstari kwa mstari, kama kasida, na siku ya mtihani swali likaja limegeuzwa kidogo tu, basi, nikawa mgeni. Cheti ninacho. Kimelala chini ya godoro, hakiniamshi na hakinilazi.

Mwalimu wake nilimkuta mlangoni, khanga shingoni, anatafuna tangawizi. Rika langu kabisa. Nilimwamkia, akanijibu kwa mnong'ono. Sauti ilikuwa imekwisha.

"Mwalimu, mwanangu hajui kusoma."

Akatabasamu. "Yule? Mama, yule ndiye mkono wangu wa kulia."

"Mwandikie neno."

"Neno gani?"

"Lolote. Usilitamke."

Akamwita. Akaandika ubaoni KOFIA. Watoto wakatulia, waliokaa kwenye madawati na waliokaa sakafuni. Binti yangu hakuutazama ubao. Alimtazama mwalimu mdomoni. Mwalimu akafunga mdomo. Mtoto akasubiri, fimbo juu, kama anayesubiri maji yatoke bombani. Upande wa pili nyundo zinagonga. Kisha akasema, kwa sauti yake ile ile ya sokoni, "Kuku wa mama ametaga!"

Darasa zima likarudia.

Mwalimu akakaa juu ya meza.

"Mzazi," akanong'ona, "unawaona walivyo wengi humu?"

"Sijaja kuhesabu watoto wa watu."

"Nikimsikiliza mmoja mmoja, mwaka unaisha sijamaliza safu ya dirishani."

"Na usipowasikiliza?"

Akaiangalia fimbo mkononi mwa mtoto. "Ukimtoa mbele, nani ataongoza? Mimi sauti sina."

"Hilo lako, mwalimu."

Nilisema hivyo na nilimaanisha. Nilitaka kumchukia, ningepumzika. Lakini mtu anayetafuna tangawizi asubuhi ili aweze kusema A mpaka mchana, utamchukia uanzie wapi? Hasira yangu ilifika pale mlangoni ikakosa pa kukaa. Mpaka leo natembea nayo.

Tukakubaliana. Fimbo apewe mwingine, yeye akae mbele karibu na miguu ya mwalimu, na kila asubuhi kabla ya kwenda mstarini amsomee mwalimu ukurasa asioujua. Mchana, sokoni, anisomee mimi.

Alilia siku ile ya fimbo. Hakulia kwa kelele. Kuanzia hapo akanyamaza. Mezani kwangu haiti wateja tena, anakaa chini ya magauni, kidole kwenye herufi, midomo inacheza bila sauti. Mama wa viatu akaniambia, "Mwenzangu, umemnyang'anya fimbo, na ulimi umeuchukua?"

"Uza viatu, dada."

"Nauza. Ila biashara yako imepoa, hilo naliona."

Ni kweli imepoa. Asubuhi bado napita ukutani. Sasa anaongoza mtoto mwingine, sauti nyembamba, nyundo zinaimeza nusu. Najaribu kumtafuta wangu kwenye kiitikio, simpati. Napita. Sisikii furaha, sisikii uchungu, naenda kufungua meza.

Wiki hii mwalimu amempa hadithi mpya kwenye karatasi, haina picha hata moja. Jana akaja nayo, akakaa karibu yangu. "Sha. Sha-nga. Shanga." Akapumua. "Za. Bi. Bibi." Mteja akafika, ameshika gauni la njano, ananiuliza kama lina saizi kubwa. Binti yangu alikuwa amekwama. Neno lilikuwa *zimekatika*. Nililiona kabla yake. Likanijaa mdomoni, nikaufungua nimsaidie.

Akaniona. Akaweka kiganja juu ya mdomo wangu.

"Usiseme, mama."

"Dada, unauza au huuzi?" mteja akauliza.

Kiganja kilikuwa kinanuka chaki. Sikukiondoa. Mteja akaliweka gauni, akahamia kwa wengine, na mwanangu akarudi kwenye karatasi, akaanza upya: "Zi. Zi-me."